Taa Niliyonunua Msimu wa Zabibu

Jumapili, 2 Februari
Jua kali, upepo kidogo.
Mwanangu kanipa daftari hili na kalamu mpya. Kasema, "Mama, wewe ndiye unayeamka kabla ya wote. Kila siku niandikie hali ya hewa. Jua, mvua, umande. Basi." Basi! Mimi niliyekuwa nawasomea barua majirani zangu wote, nipewe daftari zima niandike "jua"? Haya, jua nimeshaliandika. Sasa naandika yangu.

Sisemi kwa kujisifu, lakini mtaa huu hakuna mama mwenye mtoto kama wangu. Amesoma kilimo chuoni, watu wote wanamwita Profesa. Angeweza kukaa ofisini akipulizwa na feni. Yeye karudi kwenye shamba aliloacha marehemu baba yake hapa nyuma ya nyumba, kapanda mizabibu, na hainyunyizii dawa hata tone. Konokono wanaliwa na mabata. Magugu yanang'olewa kwa mkono. Mbolea ni mboji ya majani na samadi, imeoza mpaka inanukia vizuri. Wenyewe wanakiita kilimo hai. Zabibu zikiiva anatengeneza mvinyo mwekundu, na anauuza bei ambayo hata mtu wa kibarua anaimudu. Wanaomwambia apandishe bei anawajibu, "Kitu kisicho na sumu kisiwe cha matajiri peke yao." Nani kamfundisha maneno hayo? Mimi nipo, sijafa.

Dada yake naye yupo. Tunamwita Kimya, kwa sababu ukimsikia ameinua sauti ujue nyumba inaungua. Anamsaidia kaka yake.

Jumatano, 5 Februari
Umande mzito, kisha jua. Zabibu zimeanza kuwa nyeusi. Profesa anasema bado.

Jumamosi, 8 Februari
Jua. Jioni baridi kidogo.
Mwashi kaja kuchukua chupa yake ya Jumamosi. Huyu ndiye aliyetujengea ghala na yale matangi mawili ya saruji yaliyochimbwa humo ndani ya sakafu, kwa sababu ardhini kuna ubaridi na mvinyo unapenda ubaridi. Kila Jumamosi ananunua chupa moja anywe na mkewe. Leo nimemkaribisha barazani, tukafungua ya mwaka jana. Glasi tunazo mbili tu, mwashi na Profesa wakanywea vikombe vya chai, na hawakulalamika.

Mimi nilidhani mvinyo ni kitu cha watu wa hotelini, wale wanaonusa kwanza kama wanatafuta panya aliyekufa. Kumbe ni kitu cha kukaa nacho. Unameza kidogo, kinywa kinakauka kidogo, kisha kifua kinapata joto, na yule uliyekuwa umemnunia asubuhi unaanza kumwona ana sura nzuri.

"Una ladha gani?" mwashi akauliza. "Mimi naona mtamu tu, ila si mtamu wa sukari."

Profesa akaanza kueleza mambo ya tindikali. Kimya akakatiza, kitu ambacho si kawaida yake. "Udongo uliopigwa na mvua," akasema. "Halafu mwishoni pilipili manga."

Nikacheka mpaka nikamwaga. "Udongo! Umewahi kula udongo wewe?"

"Nilipokuwa mdogo," akasema. "Ulinichapa."

Mwashi naye akacheka. Kimya akainamia glasi yake.

Mama Duka, jirani wa ng'ambo ya barabara, akapita akatuona. Yeye anauza mvinyo wa kutoka mbali, chupa zina picha za majumba. "Shoga," akaniita, "mvinyo wa bei ya soda una nini ndani?"

"Una zabibu, mpenzi. Wa kwako una nini?"

"Una jina."

"Jina halinyweki. Wa mwanangu hauna sumu hata tone."

Akaenda zake anatikisa kanga. Leo nimemshinda.

Jumatatu, 10 Februari
Mawingu, hayakunyesha. Mabata yametoroka, tumeyakimbiza mpaka barabarani.

Alhamisi, 13 Februari
Jua.
Leo wameosha matangi, kesho uchumaji unaanza. Kabla ya kuingia, Kimya kawasha kipande cha mshumaa, kakisimamisha ndani ya kopo la maziwa lililofungwa kamba, kaliteremsha taratibu mpaka chini. Wakasimama wanautazama mwali kama watu wanaongoja ndoo ijae. Ulipobaki unawaka, Profesa akashuka ngazi na brashi yake.

Nikauliza, mshumaa wa nini mchana huu? Mwanangu akanieleza. Zabibu zikichacha zinatoa hewa nzito, haionekani wala hainuki, inatulia chini kama maji ndani ya sufuria. Mshumaa ukizimika, mtu asishuke. Akaeleza na mengine, maneno ya chuo. Sikuyashika yote. Nilikuwa namtazama tu anavyopendeza akiongea, mikono inakwenda kama ya marehemu baba yake.

Kwa bahati mbaya Mama Duka alikuwa amekuja kuomba koleo, kaona kila kitu. "Heh! Mwanao msomi anateremshia majini taa kwenye kopo? Chuo gani hicho?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 14 Februari
Jua. Uchumaji umeanza, shamba la mbele. Profesa alitaka kuanza wiki ijayo, kisha akabadilisha, sijui kwa nini. Mikono yangu ni myeusi mpaka kwenye kiwiko.

Jumapili, 16 Februari
Jua. Tangi la kwanza limejaa na limeanza kuchemka lenyewe, bila moto, blup blup, kama uji. Kimya analikoroga asubuhi, mchana na jioni.

Alhamisi, 20 Februari
Mawingu. Jioni radi za mbali.
Habari kubwa! Mkaguzi wa kilimo hai atakuja Alhamisi ijayo. Akipita shamba na ghala akaridhika, Profesa anapewa cheti, na chupa zetu zitabandikwa alama inayotambulika kila mahali. Miaka yote hii tumesema hauna sumu kwa midomo yetu; sasa serikali nayo itasema. Nimekwenda mpaka dukani kwa Mama Duka kununua chumvi nisiyoihitaji, ili nimwambie.

"Hongera," akasema. "Ila mkaguzi ni mtu wa suti. Akikuta kopo la maziwa na kamba ya mbuzi, atajua amefika kwa mganga."

Nimerudi nayo rohoni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi, 22 Februari
Mawingu meusi. Hayajanyesha.
Nimefanya jambo. Nimekwenda mjini nikanunua taa ya kuchaji, kubwa, ya manjano, ina mshikio wa mpira na haiingii maji. Muuzaji aliichovya kwenye ndoo mbele yangu na bado ikawaka. Nilifikiri hivi: tabu yote ni kwamba mshumaa unazimika. Bila shaka utazimika, mshumaa ni mshumaa, hata mtoto akipiga chafya unazimika. Basi nikamtafutia mwanangu taa isiyozimika.

Profesa akanikumbatia. "Mama bwana! Hii ni ya mgodini kabisa." Akaimulika tangini, ukaona mpaka mikwaruzo ya brashi.

Kimya akasema, "Nzuri sana, mama. Ila kopo nalo libaki hapohapo."

Nikanuna. Asante yenyewe ndiyo hiyo? Huyu mtoto nimemzaa mimi, lakini moyo wake kama mtungi uliofunikwa, hujui kilichomo. Kaka yake ukimpa kijiko tu anakushukuru kama umempa gari.

Jumapili, 23 Februari
Mvua, kuanzia alfajiri.
Mvua wakati huu ni balaa. Zabibu zilizoiva zikinywa maji zinapasuka, zinaota ukungu, na hatunyunyizii dawa ya ukungu sisi. Watoto wameingia shamba la nyuma wamejifunika mifuko ya plastiki. Mwashi kaja kusaidia bila kuitwa.

Mimi nimebaki kusafisha ghala kwa ajili ya mkaguzi. Nimefagia utando wa buibui, nimepanga mapipa yatazame mbele. Lile kopo na vipande vya mishumaa nimevitia kwenye taka, gari la taka likavichukua. Kamba nimefungia mlango wa banda la mabata. Ghala sasa linapendeza kama zahanati mpya.

Jumatatu, 24 Februari
Mvua. Tangi la pili limejaa mpaka ukingoni, zabibu zote za shamba la nyuma zimeokolewa. Zinachemka kwa fujo kuliko zile za kwanza. Madirisha tumeyafunga maji yasiingie.

Jumanne, 25 Februari
Mvua. Profesa kavuta mvinyo wa tangi la kwanza kwa pampu, kautia kwenye mapipa. Rangi yake! Chini yamebaki makapi tu, maganda na mbegu. Yanatakiwa yatolewe yakakamuliwe, tangi lioshwe.

Jumatano, 26 Februari
Mvua. Kesho mkaguzi. Nimefua pazia la ghala nalikausha jikoni. Nitaandika zaidi jioni.

Jumamosi, 1 Machi
Sikuandika hali ya hewa. Jumatano ilikuwa mvua. Alhamisi mvua. Jana, tulipomzika binti yangu, jua lilitoka, na lilinikera.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikaanza kuipamba. Najijua.

Ilikuwa Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Mwashi alikuwa anaziba ufa kwenye kizingiti cha ghala. Mimi nilikuwa jikoni na pazia langu. Profesa alitaka kutoa makapi ili mkaguzi akute tangi safi. Wametafuta kopo, hawakuliona. Nilisikia wakiulizana. "Liko wapi kopo?" "Lilikuwa hapa msumarini." Nilisikia kabisa, na sikutoka. Nilijisemea, wana taa, wanataka nini zaidi?

Kimya akamwambia kaka yake, haya kaniambia mwashi, "Ningoje, nakwenda kuchukua mshumaa kwa Mama Duka." Akatoka mbio kwenye mvua. Mwashi alipoinua tena kichwa, Profesa hakuwepo juu, na ngazi ilikuwa tangini. Akadhani kazi imeanza, akaendelea na saruji yake.

Kisha nikasikia, "Mama! Kamba!"

Sikujua ni sauti ya nani. Miaka yote niliyomlea sikuwahi kuisikia ikipanda hivyo. Nilikimbia na pazia mkononi. Kamba ya kuvutia makreti ilikuwa ukutani, nikaichukua, Kimya akanipokonya. Kule chini mwanangu amelala juu ya makapi, uso pembeni, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Mwashi akasema, "Niache mimi." Kimya akatikisa kichwa: "Nyie wenye nguvu vuteni." Akavuta pumzi, mashavu yakajaa kama ya mtoto anayetaka kupiga mbizi, akashuka.

Taa yangu ilikuwa imelala chini, inawaka. Niliona kila kitu. Nilimwona akimpitishia kaka yake kamba kwapani, akaikaza kwa fundo lile analofungia mizabibu. Hakuharakisha. Akapunga mkono: vuteni.

Tukavuta. Mwanangu ni mzito, nimemlisha mwenyewe. Mwashi aliteleza akaumia goti, hakuachia. Tulipomfikisha sakafuni nikamlaza, nikageuka kumwita dada yake.

Alikuwa ameshika ngazi kwa mkono mmoja, mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza. Alikuwa ameinua uso ananitazama. Midomo ilikuwa bado imefungwa kwa nguvu. Kisha ikafunguka, kama mtu anayetaka kusema neno, na akaketi. Hakuanguka. Aliketi juu ya makapi, kama mtu aliyechoka na kazi.

Mwashi alimfungua Profesa kamba, akajifunga mwenyewe, akashuka mara mbili. Mara ya kwanza alirudi mikono mitupu, anakohoa, macho yamemtoka. Mara ya pili alikuja naye.

Profesa alipumua. Kimya hakupumua.

Kwenye mfuko wa aproni yake kulikuwa na mshumaa mpya, umelowa. Hakuwa na muda wa kuuwasha.

Na taa haikuzimika. Iliwaka huko chini mpaka kesho yake jioni, hakuna aliyetaka kwenda kuitoa.

Jumapili, 2 Machi
Jua.

Jumatatu, 3 Machi
Mawingu.
Profesa karudi kutoka hospitali. Kichwa kinamuuma, mikono inatetemeka, lakini daktari anasema akili yake iko salama. Kakaa kitandani kwa dada yake, si kwake.

"Mama," akasema, "kopo lilikuwa wapi?"

"Nililitupa mimi."

Akajigeuzia ukutani.

"Nilikutupia kopo," nikasema, "kwa sababu nilimwonea haya mkaguzi. Nikakupa taa. Nilidhani kisichozimika ndicho bora."

"Wewe hukujua, mama."

"Uliniambia. Sikusikiliza, nilikuwa nakutazama tu."

"Mimi nilijua," akasema. "Kimya aliniambia ningoje. Nikaona mvua hii, atakawia. Nikamulika, kulikuwa kweupe mpaka chini. Nilisema nikishuka haraka nikapanda haraka, si kitu. Wengine wote hawakujua, mama. Mimi nilijua."

Kila mama anataka mwanawe awe na akili. Leo nilitamani mwanangu angekuwa mjinga, ili lawama ibaki yangu peke yangu.

Jumatano, 5 Machi
Manyunyu.
Nimesikia vishindo ghalani asubuhi. Nimemkuta Profesa na shoka mbele ya mapipa. "Naumwaga wote," akasema. "Sitaki hata kuunusa."

Nikasimama kati yake na pipa. Mimi ni mnene, kunizunguka si kazi ndogo. "Mwaga nilizochuma mimi," nikamwambia. "Zile alizochuma yeye uache. Haya, zitenganishe."

Akaweka shoka chini, akalia, ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. "Mama, mimi sijui kuonja. Vitabu najua. Ulimi ulikuwa wake. Kila mwaka yeye ndiye alikuwa anatafuna zabibu mbili tatu, ananiambia leo, au kesho kutwa. Mwaka huu alisema tuanze mapema, anasikia mvua. Tungengoja ninavyotaka mimi, tusingekuwa na hata chupa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisifia mimi. Nilikuwa napenda."

Nilitoka nje. Nilisimama bandani kwa mabata mpaka yakanizoea.

Ijumaa, 7 Machi
Jua kidogo.
Mama Duka kaja. Nilijiandaa kumfukuza. Kasimama mlangoni, hana kanga ya mbwembwe, ana gauni la kazi.

"Shoga, nina neno," akasema. "Siku ile alikuja dukani analowa, anahema. Akasema, mshumaa mmoja, haraka. Nami nikamtania. Nikamwambia, wa majini mnataka mweupe au mwekundu? Nikaanza kucheka, nikatafuta chenji polepole, ili nicheke vizuri. Naye alitabasamu, kwa adabu yake. Kama ningempa tu..."

Hakumaliza. Nilikuwa na matusi mengi nimeyaweka akiba kwa ajili yake tangu siku ya kopo. Nikayatafuta, sikuyaona. Nikamwambia, "Pita ndani, mama. Tangi la pili bado limejaa."

Jumamosi, 8 Machi
Jua, upepo mzuri.
Zabibu hazijui msiba. Tangi la pili limemaliza kuchacha, tukichelewa linageuka siki. Tumefungua milango na madirisha yote, tumeweka feni. Profesa kavuta mvinyo kwa pampu. Yakabaki makapi, na hakuna aliyesema nani atashuka.

Nikaleta ule mshumaa wa kwenye aproni. Nilikuwa nimeukausha. Mama Duka kaleta kopo la maziwa kutoka dukani kwake, jipya, kalitoboa mwenyewe kwa msumari. Kamba nikaifungua kwenye mlango wa mabata.

Mara ya kwanza mwali ulifika nusu ya tangi, ukalala, ukazimika. Haukupeperuka, hakukuwa na upepo kule. Ulikufa tu. Wote wanne, na mwashi akiwemo, tulikuwa tumeinama tunautazama, hakuna aliyepumua. Basi hivyo ndivyo inavyokuwa. Ningesimama siku ile ya kuosha matangi nikatazama mshumaa badala ya kumtazama mwanangu...

Tukangoja, feni ikipuliza. Tukateremsha tena, ukazimika karibu na chini. Tukangoja tena, tukala mkate tukiwa tumesimama. Mara ya tatu ulifika chini, ukakaa, ukaendelea kuwaka, mdogo, wima.

Profesa akaishika ngazi. Nikamwondoa. "Shika kamba," nikasema. Wakanifunga kiunoni, mwashi akisema hajawahi kuteremsha mzigo wa thamani hivi, na Mungu amsamehe, nilicheka. Nikashuka. Nilijaza makreti kwa koleo, mshumaa pembeni yangu, nikitupa jicho kila nikiinama. Kule chini kuna ubaridi, na harufu ni tamu kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Sumu niliyokuwa naisema kila siku, nilidhani itanuka.

Mama Duka ndiye aliyezungusha kinu cha kukamulia mpaka jua likazama. Ana mikono ya chuma yule mwanamke, tulipoteza miaka.

Jumatatu, 10 Machi
Jua. Nimeosha glasi zote mbili.

Jumatano, 19 Machi
Mvua fupi, kisha jua.
Mkaguzi kaja. Hakuvaa suti. Kijana tu, ana viatu vya matope na aibu nyingi, alitaka kuahirisha tena kwa ajili ya msiba. Nikamwambia atembee. Kapekua udongo, kachukua majani, kaingia ghalani. Akaliona kopo kwenye msumari wake.

"Hili ndilo la kupimia hewa?"

"Ndilo," nikasema.

"Vizuri. Wengi hawana hata hilo. Kuna mashine ndogo siku hizi, inalia yenyewe hewa ikiharibika. Muwe nayo pia." Akaandika. Kisha akauliza, kama wanavyotakiwa kuuliza, "Mama, kuna sumu yoyote iliyotumika hapa msimu huu?"

Profesa akanitazama. Jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni tangu mwaka jana, nimelitangaza mpaka kwenye vyoo vya sokoni. Sikuweza kulitoa. Mwanangu akajibu badala yangu, "Hakuna."

Tumepita. Cheti kitakuja.

Alhamisi, 3 Aprili
Umande. Cheti kimekuja. Nilikuwa nimeshakipigia msumari mahali pake, sebuleni mbele ya mlango. Hapo nimeweka picha ya Kimya. Cheti kipo ghalani, karibu na kopo. Mashine ya hewa nayo imefika. Profesa anaijaribu kila asubuhi, na mshumaa hajauacha.

Jumamosi, 5 Aprili
Jua, upepo kidogo, kama siku ya kwanza.
Mwashi kaja na mkewe. Goti bado linamsumbua. Mama Duka alikuwa tayari barazani. Siku hizi rafu ya mbele dukani kwake ni chupa zetu, zile za majumba kazipandisha juu kwenye vumbi. Glasi hazikutosha, tukatoa vikombe.

Profesa kavuta kidogo kutoka kwenye pipa. Ni mchanga bado, unauma pembeni mwa ulimi, ila umeshajua unakokwenda. Akagawa, kisha akakaa na kikombe chake mapajani bila kunywa. Sote tukawa tunamtazama, naye akawa ananitazama mimi.

Basi nikanywa. Nikafumba macho, nikatafuta. Kwanza sikupata kitu, kichungu tu. Nikanywa tena, taratibu, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Ukapita, na nyuma yake nikaukuta. Nikaukuta, jamani. Hata pale mwishoni.

"Bei yake sasa, mkiwa na cheti?" mke wa mwashi akauliza, amekaza pochi.

"Ileile," Profesa akasema.

"Na una ladha gani, mama?" mwashi akauliza, kwa upole, maana alijua anauliza nini.

"Udongo uliopigwa na mvua," nikamjibu. "Halafu pilipili manga."

Mwanangu akainua kikombe chake, akanywa.

"Umeyajulia wapi hayo?" akasema Mama Duka. "Wewe wa kusoma barua za watu?"

"Nimefundishwa na binti yangu," nikasema. "Yeye ndiye aliyejua siku ya kuchuma, mvua ikiwa bado haijafika. Mtaa huu, na mitaa ya mbali, hakuna aliyezaa mwingine kama yule. Na hilo, mama, nalisema kwa kujisifu."